Wifi Alipokataa Wito

Wifi yangu hajui kusema uongo. Sisemi hivi kumsifu. Nimekaa naye nyumba moja miaka kumi na tisa, tangu kaka yangu amuoe, na ukweli wake umenitoa machozi kuliko vitunguu. Ukimuuliza kama gauni limekukaa, atakwambia gauni limekaa, wewe ndiye hujakaa. Mteja mmoja aliwahi kuondoka kwa hasira na nguo yake nusu imeshonwa, akarudi wiki iliyofuata, kwa sababu hakuna fundi mwingine karibu anayeweza kumpima mtu kwa jicho asikosee hata nusu inchi.

Watu wanamwita Futi, kwa ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi anapokwenda kulala. Amekwenda nayo benki. Amekwenda nayo kwenye harusi ya mdogo wake mwenyewe, na katika picha zote anaonekana nayo, utadhani amekuja kumpima bwana harusi. Ana miaka hamsini na minne, mfupi, mwepesi wa mikono, na ana uso ambao kila kinachopita moyoni lazima kipitie hapo kwanza.

Sasa mtu wa namna hiyo umpe siri. Tena mbili, kwa wakati mmoja, na moja ikijulikana nyingine inakufa. Ndicho kilichomkuta, na mimi nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo nisikilizeni mimi, msimsikilize kaka yangu, ambaye hakuwepo lakini anaisimulia kila siku.

Chumba chetu cha kazi kinatazama barabara. Kulia kuna meza ya kukatia vitambaa, kushoto kuna cherehani mbili za miguu zinazotazamana. Ya wifi iko ukutani, ya shoga yake iko mlangoni. Mimi niko dirishani na meza yangu ya pasi, kwa sababu pasi inataka hewa, na mimi mwenyewe nataka kujua nani anapita na nani.

Huyo shoga yake anaitwa Chiriku, na aliyempa jina hakukosea. Anaongea akishona, anaongea akikata, na akiwa ameshika pini kwa midomo anaongea kwa upande uliobaki. Yeye na wifi wameshona uso kwa uso miaka thelathini. Watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, walijifunza kusimama kwa kushikilia cherehani zile. Yule wa kike siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hata sisi tuliomfuta kamasi tunamwita Mwalimu. Wifi ndiye aliyemshonea sare yake ya kwanza ya shule na gauni lake la harusi, na Mwalimu humwita mama mdogo.

Marehemu mume wa Chiriku alikuwa na pikapu ndogo ya bluu. Yeye kwenye usukani, Chiriku kiti cha pembeni, miaka thelathini. Kila jioni akifika nyumbani alipiga honi mara tatu, fupi fupi, na mtaa mzima ukajua chakula kitengwe. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, pikapu ikafunikwa turubai uani. Watoto wakamwambia mama yao, "Wewe kaa tu, mama, popote unapotaka kwenda tutakupeleka." Maneno matamu. Basi Chiriku akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa, mkoba mapajani, anamsubiri mwanawe wa kiume aliyesema saa tatu na akatokea saa sita. Siku mjukuu wake alipopewa zawadi shuleni kwa kushika namba moja, bibi alifika watu wakikunja viti.

Siku hiyo alisema ataendesha mwenyewe. Mwanawe akacheka hadi akashika ukuta. "Mama, kwa umri huo? Utatuulia watu." Akaongeza kwamba pikapu inaliwa na kutu bure, na kwamba ameshapata mtu wa kuinunua, atakuja mwisho wa mwaka.

Jumatatu yake Chiriku akajiandikisha shule ya udereva, kwa siri, na akaivalia njuga. Tuliojua tulikuwa wawili, wifi na mimi. Wifi aliapishwa mkono juu ya cherehani kwamba mtoto yeyote wa Chiriku hatajua mpaka leseni ipatikane.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Barabara Chiriku aliijua, alama alizijua, vioo alivitazama, shida ilikuwa mguu. Mtu aliyekanyaga cherehani miaka thelathini na zaidi, mguu wake umeshazoea kazi moja: kisigino, vidole, kisigino, vidole, bila kupumzika. Akiukanyaga mkanyago wa mafuta, mguu unaanza kushona. Gari linakwenda kwa kwikwi. Mtihani wa kwanza afande msimamizi aliteremka akiwa ameshika shingo. Wa pili alimwambia asimamishe gari kabla hawajatoka hata getini. Na utaratibu ni mmoja: ukifeli mara tatu unarudi darasani upya kama hujawahi kuuona usukani. Chiriku alituambia wazi kwamba upya hana nguvu nao. Akifeli ya tatu, mwanawe amlete huyo mnunuzi wake.

Mtihani wa tatu ulipangwa Jumamosi, saa saba na nusu mchana. "Futi, usiponisindikiza siendi," alisema Chiriku. Wifi akamwambia, "Nitakuwepo, dada. Hata nikiwa naumwa nitaletwa." Ahadi ikatolewa siku ya Jumatatu, naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeunguza kola ya shati la mtu.

Jumanne, Mwalimu akaja.

Alichungulia kwanza, akauliza, "Mama hayupo?" Hakuwepo, alikuwa amepeleka mapazia kwa mteja. Akaingia haraka, akafunga mlango, akaketi kwenye cherehani ya mama yake, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Mama mdogo, Shangazi, nina jambo. Lakini likitoka humu ndani nitajua ni nani."

Nikaiweka pasi chini. Mimi na jambo hatujawahi kukosana.

"Jumamosi mama anatimiza sitini," alisema. "Tunamfanyia sherehe kwangu, saa tisa alasiri, na yeye hajui kitu. Watu arobaini. Tutajificha ndani, mapazia tumefunga. Kaka atamfuata nyumbani saa nane, atamwambia mjukuu ana homa anamtaka bibi. Akifungua mlango, anatukuta." Akatoa kadi aliyoikata kwa mkono, yenye maua ya rangi pembezoni, akamkabidhi wifi kwa mikono miwili. "Na wewe ndiye utakayesema maneno mawili kabla ya kukata keki. Hakuna anayemjua mama kuliko wewe."

Nilimtazama wifi. Laiti mngeuona ule uso. Furaha ilipita, ikafuatwa na hesabu ya saa, ikafuatwa na kitu kama mtu aliyemeza kifungo. Saa saba na nusu mtihani, foleni yake, upande wa pili wa mji. Saa nane kaka mtu anabisha kwenye nyumba tupu. Saa tisa watu arobaini wamejibana gizani wanamsubiri mtu ambaye yuko barabarani na askari.

"Haiwezi kuwa Jumapili?" aliuliza wifi.

"Jumapili wengine wanasafiri."

"Au jioni jioni, saa kumi na mbili?"

"Mama mdogo, kuna watoto wadogo. Kuna nini kwani?"

Wifi akanywa maji. Akaikunja futi yake, akaikunjua. Mimi ningekuwa yeye ningesema ndiyo, nitakuja, halafu Jumamosi nikaugua tumbo. Watu wazima ndivyo wanavyoishi. Lakini yeye aliiweka kadi juu ya cherehani, akasimama, akazunguka, akamshika Mwalimu mikono yote miwili.

"Mwanangu," alisema, "umenipa heshima ambayo sikuitegemea, na nakushukuru mpaka moyoni. Na mama yako anastahili kila utakachomfanyia, hata watu mia wangekuwa wachache. Lakini Jumamosi mchana kuna mtu nimemwahidi, na nilimwahidi kabla yako. Nikimwacha nitamvunja. Kwa hiyo nakuomba unisamehe, sitaweza kuwa kwenye sherehe yako. Siri yako ninayo, haitatoka. Na gauni la mama yako la kuvaa siku hiyo nitalishona bure, utalikuta limepigwa pasi."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kukataa kitu kwa adabu kuliko hivyo. Lakini Mwalimu alitoa mikono yake taratibu.

"Mtu gani huyo anayemzidi mama yangu?"

"Hamzidi," alisema wifi. "Kwa kweli analingana naye kabisa."

Nikakohoa. Mwalimu hakucheka. "Nilipokuwa darasa la tatu," alisema, "nilikataa kwenda kwenu ulipotuita, ukanifuata mpaka nyumbani. Ukaniambia: kataa neno, usikatae wito. Leo umesahau wewe." Akaiacha kadi juu ya cherehani, akatuaga vizuri, maana amelelewa, akatoka.

Wifi akaketi. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Mimi nami, badala ya kumfariji, nikamgombeza. "Mwambie basi! Mwambie mama yake ana mtihani, wasogeze sherehe, yaishe." Akasema ameapa. "Basi mwambie Chiriku ana sherehe, asogeze mtihani." Akasema ameahidi sasa hivi, kadi bado ina joto la mkono, na tarehe nyingine ya mtihani ni miezi mitatu ijayo, pikapu itakuwa imeshauzwa. "Zote mbili si zangu, wifi. Siri ya mtu ni kama kitambaa cha mteja. Siwezi kukikata ninavyotaka mimi." Alinikera sana, kwa sababu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimeshaanza kuifikiria keki.

Siku zilizofuata chumba kile hakikukalika. Chiriku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza. Anashona, anahesabu alama za barabarani kwa midomo, mguu wake unakwenda kisigino, vidole, kisigino, vidole, na kila akiutazama anazidi kuogopa. Wifi anashona gauni la sherehe chini ya sare za shule, akisikia hatua analifunika. Na mimi katikati, kama ndimi ninayetahiniwa. Sitawadanganya, nilikuwa na raha. Miaka mingi napiga pasi, haijawahi kutokea wiki ambayo natamani kuche.

Alhamisi Chiriku akasema bila kuinua macho, "Jumamosi natimiza sitini, mnajua? Watoto wangu kimya, hata mmoja hajagusia. Na afadhali. Hakuna atakayenitafuta."

Wifi akajidunga sindano kidoleni.

Dawa ya ule mguu aliibuni wifi, siku hiyo hiyo. Alimpima Chiriku wayo, akachukua kitambaa kigumu cha suruali za kazi, akashona kiatu chenye kisigino cha mfuko, na ndani ya mfuko akajaza mchanga, karibu kilo nzima. Kiatu kizito nyuma, chepesi mbele. Kisigino kinabaki chini, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Chiriku akakijaribu kwenye mkanyago wa cherehani, na mguu ukatulia. Akatembea nacho chumba kizima, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Wifi alikuwa ameufunga mfuko ule kwa bandi tu, uzi mrefu mrefu wa kushikiza, ili apime kwanza halafu arudie kwa mashine. Hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya. Ila Mwalimu alipita mlangoni muda ule ule, akamsalimia mama yake, akanisalimia mimi, na mwisho kabisa, kwa baridi, akamsalimia wifi. Wifi akaweka kila kitu chini na hakukumbuka tena.

Jumamosi tulifika uwanja wa mtihani saa saba kasorobo. Pikapu yenyewe ilikuwa imekaa wiki mbili kwa makanika, jirani na uwanja ule, inafanyiwa matengenezo. Kule uani kwa Chiriku tuliacha mapipa mawili na meza yangu ya zamani ya pasi chini ya turubai, na kwa mbali ilionekana gari kabisa. Chiriku alikuwa amevaa sketi nyeusi na kile kiatu mguu wa kulia. Mguu wa kushoto alivaa raba ya mjukuu. Tuliketi kwenye benchi la mbao pamoja na vijana wanane wanaotafuna kucha, na jina la Chiriku lilikuwa la mwisho.

Saa nane ikapita. Saa nane na robo simu ya wifi ikalia. Akaitazama kama kaa la moto. Chiriku alikuwa amekwenda kunawa uso.

"Mama mdogo," sauti ya Mwalimu ilisikika mpaka kwangu, "mama hayupo nyumbani, simu yake imezimwa. Kaka amebisha wee. Amefunua turubai, gari hakuna, kuna mapipa. Gari limeibwa na mama hayupo. Wewe unajua lolote?"

Nikamfinya wifi paja: dan-ga-nya.

"Najua," alisema wifi. "Mama yako ni mzima. Gari liko salama."

"Yuko wapi?"

"Siwezi kusema, mwanangu."

"Kaka anataka kwenda polisi!"

"Mwambie asiende. Polisi ninao hapa."

Mwalimu akapiga ukelele ambao nadhani afande mwenyewe aliusikia kule alikokuwa. Wifi akasema haraka haraka, jasho linamtoka, "Sikiliza. Hakuna ubaya. Nilikwambia kuna mtu nimemwahidi. Wape wageni soda, uniamini mpaka saa kumi na nusu. Baada ya hapo usiniamini tena maisha yako yote." Akakata. "Nikimpoteza mtoto yule, wifi," aliniambia, "sijui nitamshonea nani." Nikamshika mkono. Sikuwa na utani wowote hapo.

Saa tisa na dakika kumi jina likaitwa. Chiriku akasimama, akatutazama, akaingia ndani ya gari la mtihani. Afande, mtu mnene wa miwani, ndiye yule aliyeshika shingo mara ya kwanza. Alimwona, akafunga mkanda, akauvuta kuuhakikisha mara mbili.

Gari likaondoka. Laini. Likafika getini, likasimama, taa ya kulia ikawaka, likaingia barabarani. Tulikimbilia ukuta, tukasimama juu ya matofali, mimi na goti langu hili. Likapita mbele yetu likienda kama maji. Wifi akaninong'oneza, "Kisigino kiko chini." Likapotea kwenye kona.

Ndipo wifi alipotazama ardhini, pale Chiriku alipokuwa ameketi na pale alipopita. Kulikuwa na mstari mwembamba wa mchanga, kutoka benchini mpaka pale gari lilipokuwa limeegeshwa.

"Bandi," alisema. "Sikurudia na mashine. Wifi, sikurudia."

Hakuna fundi anayesahau kurudia bandi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hasahau. Akaketi juu ya matofali akashika kichwa. Mimi nilihesabu: mchanga ulikuwa umeanza kuvuja hata kabla hajapanda, na barabarani anakaa dakika ishirini. Ukiisha, mguu utakumbuka ulikotoka, na gari litarudi na kwikwi, na afande atashika shingo, na mwisho wa mwaka mtu atakuja kuichukua pikapu ya bluu. Tulikaa pale tukisikiliza kila injini. Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko uchumba wangu.

Lilitokea upande ule mwingine, polepole, taa ya kushoto imewashwa. Laini vile vile. Likaingia getini, likarudi kinyumenyume katikati ya vigingi viwili bila kukigusa hata kimoja, likazima.

Mlango ukafunguliwa. Chiriku akateremka, na kiatu kikafuata kikiwa kitambaa kitupu, kinapepea na nyuzi zake nje. Afande akateremka upande wake, akainama kutazama chini ya usukani.

"Mama," alisema, "huu mchanga wa nini humu ndani?"

"Ni dawa, afande," alisema Chiriku. "Imeniishia tangu pale kwenye mzunguko."

"Tangu kwenye mzunguko?" wifi aliuliza kutoka kwenye matofali, kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Niliusikia mguu umekuwa mwepesi. Nikauambia, leo hatushoni. Ukakaa."

Afande akaandika, akachana karatasi, akampa. Amefaulu, na karatasi ile ndiyo leseni yake ya muda. Chiriku aliisoma mara tatu, halafu akaanza kuongea, na yale maneno yote aliyoyabana tangu Jumatatu yakatoka kwa pamoja. Alimshukuru afande, alimshukuru mke wa afande asiyemjua, alimwambia habari za mguu wake na za marehemu na za turubai. Wifi alikuwa analia na kucheka. Mimi niliwakumbatia wote wawili na afande nikampa mkono.

"Twendeni kwa Mwalimu," alisema Chiriku tulipofika kwa makanika. "Nataka anione hivi hivi, kabla sijazima injini. Leo nitamshtua mtu."

Wifi na mimi hatukutazamana. Tungetazamana tungekwisha.

Wifi akaketi kiti cha pembeni, mimi na miaka yangu hamsini na saba nikapandishwa nyuma kama gunia, nikashikilia ubao. Upepo ulinivua kitambaa cha kichwa nikauacha univue. Tulipokaribia mtaa wa Mwalimu nilimsikia wifi kupitia kidirisha cha nyuma akisema, "Dada, niteremshe hapo kona. Mimi pale nilikataa."

"Ulikataa nini?"

Wifi akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Chiriku alimtazama kidogo, akarudisha macho barabarani kama alivyofundishwa. Hakuteremsha mtu.

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na tano. Mapazia ya nyumba yalikuwa yamefungwa kote, na mlango ulikuwa umeegeshwa. Chiriku akasimamisha pikapu mbele ya geti, akaweka mkono kwenye usukani, akapiga honi mara tatu, fupi fupi.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na watu arobaini wenye hofu na soda, na wote wakanyamaza. Miaka mitatu hakuna aliyeisikia honi ile. Mlango ukafunguka, akatoka Mwalimu, puto la njano mkononi, kaka yake nyuma yake na simu sikioni. Walitazama gari. Halafu wakatazama kiti cha dereva. Hakuna aliyekumbuka kupiga kelele za kushtukiza. Puto lilimtoka Mwalimu mkononi likaenda zake.

"Mbona mmejaa hivi?" aliuliza Chiriku kutoka dirishani. "Nani amefariki?"

Mjukuu ndiye aliyejibu, akipenya kati ya miguu ya wakubwa. "Bibi, ni siku yako ya kuzaliwa. Tulijificha mpaka tumechoka."

Chiriku akafungua mdomo, na kwa mara ya pili wiki ile hakikutoka kitu. Akamgeukia wifi. Uso wa wifi, kama kawaida, ulikuwa umeshasema yote. "Ulikuwa unajua," alisema Chiriku. "Wiki nzima." Wifi akatikisa kichwa kukubali. Chiriku akaushika mkono wake, akaubana, hakuuachia upesi.

Mwalimu alikuwa ameshafika upande wa pili wa gari. Alisimama mbele ya wifi, machozi tele. "Mama mdogo. Ulisema huwezi kuja."

"Neno nilikataa, mwanangu," alisema wifi. "Wito ndio huu nimeuitikia. Nimechelewa kidogo." Akafungua mlango, na Mwalimu akamwangukia kifuani hapo hapo, mpaka ile futi ikamwachia alama za inchi shavuni.

Mimi kutoka nyuma nikasema jamani, keki. Lakini Chiriku alikuwa bado hajazima injini.

"Keki itangoja," alisema. "Futi, mpishe mtoto. Mwalimu, panda hapo. Kiti hicho nimekikalia miaka thelathini, leo nataka nione mtu mwingine anavyokikalia." Kisha akamwita mwanawe. "Na wewe panda nyuma na shangazi yako. Shika ubao vizuri. Wanasema mama wa umri huu anaua watu."

Wakapanda wote wawili. Wifi naye akapanda, futi shingoni, akakaa katikati yetu. Wageni wakasimama barabarani na glasi zao. Tukaondoka bila hata mshtuko mmoja, tukapita dukani, tukapita shuleni kwa Mwalimu, tukapita mbele ya chumba chetu cha kazi na cherehani zake mbili zilizofunikwa. Kupitia kidirisha nilimwona Mwalimu. Hakutazama barabara hata mara moja, alimtazama mama yake mikono. Kaka mtu alishika ubao kwa mikono miwili, kama alivyoambiwa. Baadaye akainama kwa wifi akamuuliza taratibu, "Mama mdogo, huyo mnunuzi nimwambieje?"

"Mkatalie kwa adabu," alisema wifi.

Tuliporudi jua lilikuwa limelegea na watu wote bado wako nje. Chiriku akaegesha, akatazama vioo vyote vitatu, akapiga honi yake mara tatu, na mtaa mzima ukajua keki ikatwe.